Mpiga dramu anapoimba siasa peke yake

SWALI: Napiga dramu katika bendi hapa Morogoro. Nimeanza kuandika nyimbo zangu mwenyewe, nyingi ni za siasa, na nataka zitoke kwa jina langu, si la bendi. Wenzangu wananicheka kwamba mpiga dramu hana albamu. Nilisoma mahali ukimsifu Robert Wyatt, mpiga dramu na mwimbaji wa Uingereza, na albamu yake Old Rottenhat ya 1985, nikaitafuta. Kusema kweli imenishinda. Dramu karibu hazisikiki, sauti ni nyembamba, na nusu ya mambo anayoyaimba siyajui. Kwa nini mnaisifu? Nyimbo za siasa si huchakaa siasa zake zikipita? Na je, katika nyimbo zangu niwataje watu kwa majina?

JIBU: Ndugu yangu, nianze na hao wanaokucheka. Waambie wamsikilize Max Roach, mpiga dramu wa jazi wa Marekani, ambaye mwaka 1960 alitoa We Insist!, albamu nzima juu ya utumwa na haki za watu weusi. Wimbo wake wa mwisho, "Tears for Johannesburg", unawalilia waliopigwa risasi na polisi Sharpeville tarehe 21 Machi mwaka huohuo. Waambie pia wamtafute Tony Allen, aliyempigia dramu Fela Kuti miaka mingi kule Lagos, kisha mwaka 1979 akatoa kwa jina lake No Accommodation for Lagos, juu ya watu wa mji mkubwa wasio na pa kulala. Upande wa roki yupo Roger Taylor wa Queen, bendi ileile ya Freddie Mercury, mzaliwa wa Unguja. Albamu yake Strange Frontier ya 1984 imejaa hofu ya vita vya nyuklia, na katika Happiness? ya 1994 aliwavaa Wanazi mamboleo, na katika wimbo mwingine akamgeukia Murdoch, tajiri wa magazeti, na kumtaja kwa jina. Taylor ana hasira ya kweli na namheshimu kwa hilo. Lakini muziki wake umejengwa kwa kiwango cha uwanja wa mpira, na mara nyingi mlio unayameza maneno. Unatoka pale unakumbuka kwamba alikuwa na hasira, hukumbuki alikuwa anasema nini.

Hapo ndipo Wyatt anapotofautiana naye, na ndiyo sababu naisifu Old Rottenhat kuliko albamu nyingine yoyote ya mpiga dramu wa roki aliyeimba siasa. Kila neno unalisikia. Hakuna kitu kati yako na mtu anayesema.

Ili uelewe ilikuwaje, lazima ujue yaliyompata. Wyatt alizaliwa Bristol mwaka 1945. Mwaka 1966 alikuwa mmoja wa waanzilishi wa Soft Machine, bendi iliyotokea Canterbury, na mwaka 1968 waliizunguka Marekani wakimtangulia jukwaani Jimi Hendrix, mpiga gitaa mashuhuri. Alikuwa anapiga dramu na kuimba kwa wakati mmoja, kazi ambayo wewe unajua ugumu wake. Mwaka 1971 akatoka Soft Machine, akaunda Matching Mole. Usiku wa tarehe 1 Juni 1973, kwenye sherehe jijini London, alianguka kutoka dirisha la ghorofa ya nne. Uti wa mgongo ukavunjika. Tangu siku hiyo amekuwa mtu wa kiti cha magurudumu.

Fikiria maana yake kwa mpiga dramu. Mikono ipo, lakini dramu ya mguuni imekwenda, na matoazi ya kukanyagia yamekwenda. Ule mgawanyo wa kazi kati ya viungo vinne, unaomfanya mtu mmoja asikike kama kikundi, haupo tena. Wenzake hawakumtupa. Pink Floyd, bendi ya roki ya Uingereza, walipiga onyesho la kumchangia fedha mwaka uleule, na Nick Mason, mpiga dramu wao, ndiye aliyesimamia utayarishaji wa albamu ya Wyatt ya 1974, Rock Bottom. Mwenyewe akahamia kwenye kinanda, vyombo vidogo vya kupigwa kwa mkono, na sauti yake.

Kwa hiyo hizo dramu unazozitafuta hutazikuta. Lakini usiseme mpiga dramu hayumo. Isikilize tena kwa kufuata jambo moja tu: anaweka wapi silabi. Kinanda kinashikilia kodi ndefu (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) zinazotembea polepole, na yeye anaingia nyuma kidogo ya pigo, au anakatisha neno mapema na kuliacha pengo. Anapima kila pumzi. Mwimbaji wa kawaida huikimbilia noti nzuri. Wyatt anaikimbilia nafasi, kama unavyofanya wewe unapoamua kutolipiga toazi mahali ambapo kila mtu analingoja. Kwenye Old Rottenhat aliimba na kupiga kila kitu mwenyewe. Huo ni uamuzi, na nadhani ulikuwa wa kisiasa pia. Katika enzi ambayo studio za Uingereza zilikuwa zinapamba kila kitu kwa mlio mkubwa wa dramu uliojaa mwangwi, yeye alitoa rekodi inayosikika kama mtu mmoja aliyekaa sebuleni anakueleza mambo mazito bila kupaza sauti.

Siasa zake zilikuwaje? Mwishoni mwa miaka ya 1970 alijiunga na Chama cha Kikomunisti cha Uingereza. Alikuwa mpenzi wa redio ya masafa mafupi. Alisikiliza Radio Moscow na stesheni nyingine za mbali, akalinganisha zilivyosimulia dunia na jinsi vyombo vya nyumbani vilivyoisimulia. Watu wa rika la wazazi wetu, waliokulia kwenye redio ya mkulima wakizungusha kitufe usiku kutafuta habari za ukombozi, wanajua vizuri sikio la namna hiyo linavyojengeka. Kampuni ya rekodi ya Rough Trade ikamwomba arekodi, naye akaanza kutoa sahani ndogo ndogo za santuri, za nyimbo za watu wengine: wimbo wa Violeta Parra wa Chile, wimbo wa Kyuba, "Strange Fruit" ya watu weusi walionyongwa Marekani Kusini, na mwaka 1984 "Biko", juu ya Steve Biko aliyefia mikononi mwa polisi wa makaburu mwaka 1977. Hata kabla ya hapo alikuwa na Afrika chumbani. Mongezi Feza, mpiga tarumbeta wa The Blue Notes, kundi lililoikimbia Afrika Kusini mwaka 1964, alipiga kwenye Rock Bottom na kwenye albamu iliyofuata, kabla hajafariki London Desemba 1975.

Wimbo uliomfikisha kwa watu wengi ni "Shipbuilding" wa 1982, maneno ya Elvis Costello na muziki wa Clive Langer. Uingereza ilikuwa imetoka kupigana na Argentina kwa ajili ya visiwa vya Falkland. Wimbo unawaendea watu wa mji wa kujenga meli, mji usio na ajira, ambao vita vimewarudishia kazi. Baba anapata mshahara wa kumnunulia mkewe koti, na meli hiyohiyo itampeleka mwanawe kufa. Hakuna anayetukanwa, na Waziri Mkuu hatajwi. Ulipotolewa tena mwaka 1983 ulifika nafasi ya 35 kwenye chati za Uingereza, jambo kubwa kwa wimbo wa taratibu namna ile. Nautaja kwa sababu ndio uliomwonyesha Wyatt, naamini, kwamba sauti yake dhaifu ndiyo silaha yake. Mtu anayeimba kama anayekaribia kulia hawezi kukushuku kwamba wewe ni adui. Anakuchukulia kuwa unaelewa.

Basi ilipofika Old Rottenhat, nyimbo kumi, zote zake mwenyewe. Nakupa sasa yale yaliyokosekana masikioni mwako.

Mgomo wa wachimba makaa ya mawe wa Uingereza ulianza Machi 1984, ukadumu mwaka mzima, ukavunjika Machi 1985. Serikali ya Margaret Thatcher ilikuwa imejiandaa kwa akiba ya makaa na polisi wengi. Chama cha wachimbaji kilishindwa, na migodi ikafuata kufungwa mmoja baada ya mwingine. Wyatt alishiriki kwenye rekodi ya kuwachangia wachimbaji, The Last Nightingale, pamoja na Chris Cutler, naye mpiga dramu. Old Rottenhat ilitoka baada ya kushindwa huko. Ndiyo maana ina majonzi yale. Inaimbwa na mtu ambaye upande wake umeangushwa mieleka na bado hajakubali kwamba haki imebadilika kwa sababu ya matokeo.

Sasa sikiliza "Alliance" na "The Age of Self" kwa ufahamu huo. Ungetegemea amgeukie Thatcher. Hamgeukii. Wimbo wa kwanza unawaelekea wale waliokihama chama cha Labour mwaka 1981, wakaunda chama kipya cha wastani na kufunga ushirika na Waliberali. Anawauliza, kwa upole unaochoma, hizo raha zenu mnazoziita jasho lenu, ni nani anayechimba makaa yanayoziwasha? "The Age of Self" unawaendea watu wa karibu zaidi, wasomi wa mrengo wa kushoto, wengine wakiwa ndani ya chama chake mwenyewe, waliokuwa wanaandika kwamba tabaka la wafanyakazi limekwisha na sasa sote ni wanunuzi tu. Anawajibu kwamba wafanyakazi hawajatoweka; ninyi mmeacha kuwatazama.

Hapa ndipo ninapopenda sana albamu hii. Kumwimba mtawala ni rahisi, maana watakaonunua rekodi yako tayari wanamchukia. Wyatt alitumia nafasi zake nzuri zaidi kuwasema rafiki zake, watu ambao angekutana nao kwenye mkutano wa wiki ijayo. Wimbo wa namna hiyo hauna makofi ya bure. Ukiwa unaandika nyimbo zako, jiulize ni upi kati yake utakaomfanya rafiki yako wa karibu anyamaze kidogo. Huo utangulize.

Halafu kuna "East Timor". Ni wimbo mfupi, maneno machache, jina la nchi likirudiwa. Wareno walipokuwa wanaondoka, chama cha Fretilin kilitangaza uhuru wa Timor ya Mashariki, koloni lao huko kusini-mashariki mwa Asia, Novemba 1975. Tarehe 7 Desemba jeshi la Indonesia likaivamia, siku moja tu baada ya Rais Ford wa Marekani na waziri wake Kissinger kumtembelea Suharto, rais wa Indonesia, mjini Jakarta. Katika miaka ya utawala ule walikufa zaidi ya watu 100,000 kwa vita, njaa na maradhi, katika nchi ambayo mwanzoni haikufikisha hata watu 700,000. Magazeti ya Ulaya yaliandika kidogo mno. Wafrika wa upande wetu walijua zaidi: viongozi wa Fretilin walipata hifadhi Maputo, kwa Frelimo, chama kilichozaliwa Dar es Salaam mwaka 1962. Mwaka 1985 mtu aliyeimba jina la nchi hii London alikuwa anaimba neno ambalo wasikilizaji wake wengi hawakuwahi kulisikia. Miaka sita baadaye, Novemba 1991, askari waliwafyatulia risasi waombolezaji kwenye makaburi ya Santa Cruz mjini Dili, kamera zikaona, na dunia ikashtuka. Kura ya uhuru ilipigwa Agosti 1999, na uhuru kamili ukaja Mei 2002.

Hilo ndilo jibu langu kwa swali lako la kuchakaa. Wimbo wa siasa unachakaa pale unapobeba kile ambacho kila mtu anakijua siku hiyo: jina la kiongozi aliye madarakani, kaulimbiu ya mkutano, lugha ya wiki. Siku ikipita, umekwenda nayo. Nchini kwetu tuna nyimbo nyingi za dansi za kusifu sera, zilizopigwa kwa ufundi mkubwa wa magitaa, ambazo leo tunazisikiliza kwa ajili ya magitaa tu. "East Timor" haijachakaa kwa sababu Wyatt aliimba kile ambacho hakikuwa kinasemwa. Uhuru wa Timor ulipokuja, wimbo ukabaki kama ushahidi kwamba kulikuwa na watu waliojua mapema, na kwamba kutojua kwa wengine kulikuwa ni kuchagua.

Nyimbo nyingine nazipita haraka. "The United States of Amnesia" ni juu ya taifa lililojengwa juu ya makaburi ya wenyeji wa Amerika na kuwasahau. "Mass Medium" unavihusu vyombo vya habari, na kwangu ndio ulio dhaifu zaidi, maana unaeleza badala ya kuonyesha. "P.L.A.", unaofunga albamu, unamhusu Alfreda Benge, mkewe, ambaye pia alichora majalada ya albamu zake. Usiuruke kwa sababu tu hauna siasa. Baada ya nyimbo zote zile za mataifa na migodi, unagundua mwanamume huyu anaishi na mtu, anamwona amechoka, anamjali. Bila wimbo huo albamu ingekuwa hotuba.

Sitaki uichukue yote kama msahafu. Albamu hii ina upofu, na ni upofu mkubwa. Mwaka 1985 jeshi la Kisovieti lilikuwa ndani ya Afghanistan tangu Desemba 1979, vijiji vinapigwa mabomu, mamilioni ya watu wamekimbilia Pakistan na Iran. Old Rottenhat haina wimbo juu yao. Mtu mwenye sikio la kusikia kilio cha Dili hakukisikia cha Kandahar, kwa sababu bomu lilikuwa limerushwa na upande alioutumaini. Naipenda albamu na bado jambo hili linaniuma, na nadhani ni lazima limuume kila mtu anayeimba siasa. Swali la nani umemsahau linastahili kukaa mezani pako kabla hujaingia studio.

Sasa dramu. Kuna jambo ambalo Wyatt hakulichagua, wewe unaweza kulichagua. Rekodi kwanza sauti yako na ala moja inayoshikilia kodi, gitaa au kinanda, bila dramu kabisa. Usitumie hata mapigo ya kompyuta sikioni kama unaweza kujizuia. Ukiona wimbo unasimama na maneno yanafika, ndipo uanze kuongeza vyombo vya kupigwa, kimojakimoja, na kila kimoja kiwe na sababu. Wapiga dramu wengi wakitoa albamu zao huanza na dramu, kwa kuwa ndiko wanakojiamini, kisha wanatafuta wimbo wa kuufunika mdundo. Matokeo yake ni maonyesho ya ufundi. Ufundi wako hautapotea ukiuchelewesha. Utaonekana kwenye namna unavyoimba, kama unavyoonekana kwake. Na usiogope sauti nyembamba. Wasichokusamehe wasikilizaji ni kuigiza sauti ya mtu mwingine.

Kuhusu kutaja majina. Angalia anachokitaja Wyatt: nchi, migodi, miji, makabaila wa magazeti kwa jumla yao. Watu binafsi huwataja kwa nadra sana. Mahali panadumu kuliko mtu, na msikilizaji anaweza kwenda kupaangalia. Wewe uko Morogoro. Uko mji ambao ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, ilifanya mkutano wake mkuu wa mwaka 1969, na hapo Mazimbu ndipo walipojenga chuo cha Solomon Mahlangu kwa ajili ya vijana waliokimbia Afrika Kusini baada ya maasi ya wanafunzi ya Soweto. Una majina ya mahali ya kutosha albamu tatu. Kama kuna mtu ambaye lazima atajwe kwa sababu ya alilolifanya, mtaje kwa tendo lenye ushahidi, lililo wazi kwa umma, na uachane na tabia yake na sura yake. Tusi lina raha ya jioni moja, na pia lina kesi.

Kabla hujarudi kwenye Old Rottenhat, sikiliza sahani ndogo aliyoitoa Wyatt mwaka uleule wa 1985, "The Wind of Change". Aliimba na SWAPO Singers, waimbaji wa chama cha ukombozi cha Namibia, chama kilichokuwa na ofisi Dar es Salaam tangu mapema miaka ya 1960 na wapiganaji wake kambini Kongwa. Mtayarishaji ni Jerry Dammers, aliyeandika "Free Nelson Mandela". Humo utazikuta ngoma na midundo uliyoikosa, kwaya inayocheka na kusonga mbele, na sauti ya Wyatt katikati yao, ndogo, ikijitahidi kwenda sawa nao. Upande wa pili wa sahani unaitwa "Namibia". Ukishazoea sauti yake akiwa na watu, geukia "East Timor", halafu "The Age of Self", halafu albamu nzima kwa mfululizo wake. Kisha niandikie tena, na ukiweza nitumie wimbo wako mmoja, ule wa sauti na gitaa, kabla hujauwekea dramu.